UZI: Mustang ya 1966 silinda sita, kutoka kwenye kutu ya Ohio mpaka barabarani

#1 Mwana Chumbageni

Wakuu, habari za majukumu. Kuna wadau wamenitumia ujumbe faragha wakitaka niwaeleze nilivyolifufua hili gari. Nimeona badala ya kurudia maneno yale yale kwa kila mtu, bora nifungue uzi tufaidike wote. Nitaandika kwa vipande, maana nafanya kazi zamu ya usiku.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa 11 sasa. Kwetu ni Tanga. Gari ni Ford Mustang ya 1966, milango miwili, paa la bati. Nililinunua dola 6,500 kwa mzee mmoja aliyekuwa amelifungia ghalani miaka 22. Lilikuwa linawaka, linatembea mita mia, linazima.

Kabla ya kutoa hela nilisoma namba ya chasisi. Inaanza na 6T07T. Hiyo 6 ni mwaka 1966. T ya kwanza ni kiwanda cha Metuchen, New Jersey. Yaliyotoka Dearborn yana F, na ya San Jose kule California yana R. 07 ni bodi ya paa la bati, 08 ni ya paa la turubai, 09 ni ile yenye mgongo wa kuteremka. T ya mwisho ndiyo injini: silinda sita, inchi za ujazo 200, yaani lita 3.3, nguvu farasi 120. Ukikuta C, A au K mahali hapo, gari lilitoka kiwandani na V8, yaani injini ya silinda nane, ya inchi za ujazo 289. Namba imegongwa kwenye bati la ndani ya boneti, upande wa dereva. Isome kabla hujasikiliza hadithi ya muuzaji, kwa sababu kuna magari mengi yanauzwa kama V8 ya kiwandani na yalizaliwa na silinda sita.

Sasa jambo ninalotaka kila anayesoma alishike, hata asiposoma mengine yote: anza na bati, kisha breki. Injini na rangi zisubiri. Nimewaona watu wawili hapa mjini wamenunua injini mpya na magurudumu yanayong'aa, halafu wakagundua sakafu imeoza. Magari yao mpaka leo yako juu ya mawe.

---

#2 Kijana wa Kinyerezi

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: kama injini ndiyo iliyokuwa inazima, kwa nini usianze nayo? Kutu si unapiga puti na rangi, maisha yanaendelea?

---

#3 Mwana Chumbageni

Mkuu, kwa Land Cruiser ningekuelewa kidogo. Ile ina chasisi yake chini, bodi imekaa juu tu. Mustang haina. Ford walilijenga juu ya msingi wa gari lao jingine, Falcon, bodi na chasisi ni kitu kimoja. Sakafu, mabati ya chini ya milango, reli za mbele na za nyuma, vyote vinabebana. Sakafu ikioza, gari linakatika katikati taratibu. Utaona milango inaanza kugoma kufunga, na watu hudhani ni bawaba.

Mimi nilijua hali yangu siku ya kwanza kuliosha. Nilimwagia maji kioo cha mbele, nikafungua mlango, nikakuta kapeti la dereva limeloa. Nikanyanyua kapeti. Chini kulikuwa na bati jekundu la kutu, na kiraka cha bati la paipu ya joto kilichobandikwa kwa lami na skrubu. Nikabonyeza kwa bisibisi, ikapita hadi nikaona majani ya uwanjani.

Maji yanatoka wapi? Hapo ndipo penye ugonjwa wa magari haya yote ya 1965 hadi 1968. Chini ya waipa kuna boksi la bati lililofichika, lenye matundu ya kuingiza hewa ndani ya gari. Mvua inaingia pale, na inatakiwa itokee pembeni, nyuma ya madigadi. Ndani ya boksi kuna vikombe viwili vya bati vinavyozunguka tundu la hewa, kimoja kila upande, vizuie maji yasidondoke ndani. Majani ya miti yanaingia, yanakaa, yanaoza, yanashika unyevu. Vikombe vinaliwa na kutu miaka na miaka, nawe huvioni. Kisha maji yanadondokea miguuni kwa dereva na abiria. Hapa Ohio ongeza na chumvi wanayomwaga barabarani majira ya theluji, inayokula kutokea chini. Sakafu yangu ilikuwa inaliwa juu na chini.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Mtu mmoja amwage maji polepole kwenye matundu yaliyo mbele ya kioo, mwingine alale chali ndani, kichwa chini ya dashibodi, na tochi. Mimi nilimwagiwa na mke wangu, maji yakanifikia usoni kabla jagi la kwanza halijaisha.

Kulitengeneza hakuna njia ya mkato. Kuna watu wanamimina gundi au lami kwenye matundu, inashika mwaka mmoja, halafu kutu inaendelea chini yake bila mtu kujua. Nilifungua. Boneti ikatoka, madigadi yakatoka, kioo kikatoka, waipa na mota yake. Bati la juu limeshikwa kwa nukta za welding, zaidi ya mia, na kila moja unaitafuta kwa brashi ya waya, unaipiga senta panchi, unaitoboa kwa drili taratibu ili utoboe bati la juu peke yake. Ilinichukua jioni sita. Nilipolinyanyua, nilitoa ndoo nzima ya udongo mweusi, na ndani yake kulikuwa na funguo ya gari, nadhani ya miaka ya sabini, imeshikana na kutu.

Uzuri wa Mustang ni kwamba kila bati linauzwa jipya. Vikombe, boksi zima, sakafu ya kushoto na kulia, reli, hata bodi kamili kuna kampuni inaitwa Dynacorn inaitengeneza. Gari jingine la umri huu ungelazimika kulifinyanga mwenyewe kwa nyundo.

---

#4 Dada Welding, Nairobi

Hongera sana ndugu. Mimi ni welder hapa Nairobi, gari za zamani tunapata kina Peugeot 404 na Volkswagen, lakini shida ni zile zile. Nataka kuongeza kitu ambacho hujasema, na ni muhimu kwa wale watakaojaribu. Kabla hujakata sakafu, hilo gari ulilikalishaje? Maana nimewahi kuletewa moja lilikatwa likiwa limening'inia kwa jeki pembeni. Lilichomelewa vizuri kabisa, lakini likiwa limepinda. Mlango haukufunga tena maisha yake yote.

---

#5 Mwana Chumbageni

Asante sana dada, hilo nilipaswa kulisema mapema.

Nililikalisha kwenye stendi nne zikiwa chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono ya mbele, ili uzito ukae kama linavyokaa barabarani. Nikachomelea vyuma vya mraba ndani, kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, na kimoja kukatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Nikapima mishazari: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake, nikaandika vipimo kwa kalamu ya wino mzito juu ya bati lenyewe. Nikakata upande mmoja tu. Nikauchomelea ukaisha, nikapima tena, ndipo nikagusa upande wa pili. Milango sikuitoa muda wote huo. Kila baada ya welding kidogo nilifungua na kufunga, nikaangalia mwanya wake kwa kidole.

Jambo jingine la afya. Rangi za zamani zina madini ya risasi ndani yake, na viungo vya bodi vya enzi hizo vilizibwa kwa risasi. Ukipiga msasa au grenda, vaa barakoa ya chujio, ya kitambaa haitoshi. Nguo za kazi usiziingize ndani walipo watoto.

---

#6 Mwana Chumbageni

Naendelea na breki, na hapa naomba mniwie radhi nikirefusha.

Mustang ya 1966 ina masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, yenye chumba kimoja. Mafuta ya magurudumu yote manne yanatoka sehemu moja. Bomba moja likipasuka, au wili silinda moja, ile pampu ndogo ya kwenye gurudumu, ikivuja, huna breki hata moja. Ford walianza kuweka masta silinda ya vyumba viwili kwenye Mustang za 1967, na baadaye sheria ya Marekani ikalazimisha magari yote. Mwaka mmoja tu, lakini tofauti yake ni uhai.

Mimi nilionja. Nilikuwa nalirudisha uani kwa kasi ya mtu anayetembea, kwenye kichochoro nyuma ya nyumba. Nikakanyaga, pedali ikaenda hadi sakafuni, laini, bila kizuizi chochote. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amesimama mbele akinielekeza kwa mikono. Nilivuta breki ya mkono, nikakatia usukani kwenye uzio. Mbao mbili zilivunjika. Wili silinda ya nyuma kushoto ilikuwa imekata mpira na mafuta yote yalikuwa ndani ya gurudumu. Nilikaa mle ndani muda mrefu kabla ya kutoka. Tangu siku ile gari halikusogea tena kwa injini mpaka breki zikawa tayari.

Nilichofanya: masta silinda ya vyumba viwili, mabomba yote mapya ya chuma, mipira yote mipya, diski mbele, na ngoma za nyuma nikaziacha baada ya kuzitengeneza. Diski zipo zinazoingia kwenye gari la nati nne. Hakikisha tu rimu yako ina nafasi ya kupita juu ya kalipa. Kati ya masta silinda na breki za nyuma nikaweka vali ya kupunguza presha, kwa sababu bila hiyo ukikanyaga kwa nguvu magurudumu ya nyuma yanakaba kwanza na mkia unakuja mbele.

Sasa kuna kitu kidogo kilichonisumbua wiki tatu. Baada ya kutoa upepo na kujaribu, magurudumu ya mbele yalikuwa yanapata moto baada ya kilomita tatu, na gari linakuwa zito kama linavuta tela. Duka lililoniuzia masta silinda lilisisitiza kwamba ni ya diski. Nikabadilisha kalipa, nikabadilisha mipira, hakuna kitu. Mwishowe nikaifungua masta silinda mwenyewe. Ndani ya tundu la kutokea mafuta ya mbele, nyuma ya kiti cha shaba, kulikuwa na vali ndogo ya mpira yenye springi, umbo lake kama mdomo wa bata. Vali ile ni ya breki za ngoma. Kazi yake ni kubakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukiachia pedali. Kwa ngoma ni sawa, springi za ndani zina nguvu ya kurudisha viatu. Kwa diski hakuna springi, kwa hiyo pedi zinabaki zimebana sahani muda wote. Niliingiza skrubu kwenye kile kiti cha shaba, nikakivuta kwa koleo, nikatoa vali, nikarudisha kiti. Magurudumu yakapoa siku hiyo hiyo.

Ukinunua masta silinda, usiamini maandishi ya boksi. Chungulia tundu.

---

#7 Spana 14

Mkuu, kazi safi, lakini nitasema ukweli. Mustang silinda sita ni kama simba asiye na ndevu. Fedha zote hizo za bati na breki, ungetafuta 289 au 302 ukaweka. Injini za V8 huko kwenu zimejaa kwenye makontena ya vyuma chakavu. Weka V8 mkuu, usituangushe.

---

#8 Mwana Chumbageni

Mkuu Spana, nimeambiwa hivyo na kila mtu anayesimama getini kwangu, kwa hiyo nikae nikujibu kwa kirefu.

Injini yenyewe si gharama. Gharama ni vinavyoifuata. Gari la silinda sita lina magurudumu ya nati nne, la V8 nati tano. Maana yake nakoni za mbele, vyuma vinavyoshika magurudumu, ni tofauti, na ngoma za mbele ni inchi 9 badala ya 10. Difu ya silinda sita ni ndogo, ya inchi 7.25. Ya V8 ni inchi 8. Ukiweka V8 juu ya difu ile ndogo, siku ukikanyaga kweli unaimenya meno. Springi za mbele, radieta, mihimili ya injini, fimbo za usukani, mfumo wa ekzosi, vyote vinabadilika. Anayekwambia ni kazi ya wikiendi mbili anahesabu kuishusha na kuipandisha tu.

Kwa wale walio nyumbani: nati tano za V8 zimekaa kwenye duara la milimita 114.3, kipimo kile kile cha Toyota nyingi. Lakini rimu haiingii kwa kipimo hicho peke yake. Tundu la katikati na kina chake lazima vikubali.

Halafu hii 200 ni injini nzuri, naisema kwa moyo mweupe. Krenki yake imeshikwa na beringi kuu saba, kwa hiyo imetulia, haina mtikisiko. Ndani ya boneti nafasi ni tele, unaweza kukaa kwenye ukingo wa madigadi miguu ikiwa ndani ukifunga plagi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba menifoldi ya kuingiza hewa imefinyangwa pamoja na hedi, ni bomba moja lililolala juu kama gogo. Huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Nguvu yake imefungwa hapo. Ukitaka zaidi, unatafuta hedi ya miaka ya baadaye yenye gogo pana.

Na Mustang za silinda sita ndizo walizonunua walimu, wauguzi na makarani. Bei iliyotangazwa lilipozinduliwa New York tarehe 17 Aprili 1964 ilikuwa dola 2,368, na hiyo ilikuwa ya silinda sita. Kila mwaka zinapungua kwa sababu watu wanazigeuza. Langu litabaki lilivyozaliwa.

---

#9 Mzee wa Kizingo

Assalaam alaykum vijana. Mimi ni mzee wa Mombasa, nimefanya kazi ya ufundi miaka arubaini na zaidi. Nimeufuata uzi huu tangu mwanzo, na mwanangu ndiye anayenisaidia kuandika.

Mwana Chumbageni, umenikumbusha mwaka 1964. Nilikuwa mvulana. Katika mashindano ya East African Safari ya Pasaka ile, Wamarekani walileta Mercury Comet, timu nzima, zimeandaliwa na fundi wao Bill Stroppe. Ile Comet ni damu moja na Mustang, zote zimetoka kwa Falcon. Zilikuwa na sauti sisi hatujapata kuisikia. Lakini matope hayakuzipenda, nyingi hazikufika mwisho. Ford ndogo ndiyo iliyoshinda, Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young. Baba yangu alikuwa akisema gari la safari ni lile linalorudi.

Nina swali moja. Hiyo kabureta yako ni ile ile iliyotoka nayo, au umeshabadilisha? Nauliza kwa sababu najua utakachojibu.

---

#10 Mwana Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Umeweka kidole kwenye kidonda chenyewe.

Nilibadilisha, na nilijuta miezi minne.

Wakuu, mkumbuke gari lilikuwa linawaka kisha linazima. Kabureta yake ya asili ni Autolite 1100, ya mdomo mmoja. Nikadhani imekufa. Nikanunua nyingine mpya, ya kisasa, inaingia kwenye bolti zile zile. Gari likawa halizimi tena, lakini likawa halina roho. Kilima kidogo tu linalia, ukikanyaga ghafla linasita, mafuta linakunywa kama lori. Nikatega taimingi, nikaitega tena. Nikabadilisha plagi, pointi, kondensa, koili. Ukilitega lisilie kilimani, haliwaki vizuri asubuhi. Ukilitega liwake, linalia kilimani.

Sababu iko kwenye distribyuta. Distribyuta za kawaida zina vijiwe viwili vyenye springi ndani. Injini ikizunguka kwa kasi, vijiwe vinatanuka na kuisogeza cheche mbele. Hii ya Ford, iitwayo Load-O-Matic, haina vijiwe kabisa. Inategemea mvuto wa hewa peke yake, na mvuto huo unatoka sehemu mbili za kabureta, kwenye koo na karibu na kipepeo, ukipitia vali ndogo iliyofungwa ubavuni mwa Autolite 1100. Kabureta mpya haina vali hiyo wala tundu la kwenye koo. Kwa hiyo distribyuta yangu ilikuwa haipati habari yoyote ya maana. Cheche ilibaki nyuma wakati injini inaihitaji mbele.

Viwili hivi vimeoana. Ama uviache vyote, ama uvibadilishe vyote. Niliitoa kabureta mpya. Ile ya zamani nikaifungua mezani, nikaichemsha kwenye dawa, nikaweka mipira mipya. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani: diaframu ya pampu ya kuongeza kasi ilikuwa imekauka ikapasuka, na bakuli lilikuwa na uchafu mwekundu wa kutu kutoka kwenye tangi. Nilipoirudisha na tangi jipya, gari liliamka.

Baadaye nikabadilisha vyote kwa pamoja. Nimeweka distribyuta ya Ford ya miaka ya sabini, yenye vijiwe na cheche ya elektroniki, na kabureta inayoendana nayo. Za asili nimezifunga kwenye boksi, haziuzwi.

Anayeweka elektroniki akumbuke waya wa pinki uliopo nyuma ya swichi ya ufunguo. Ule waya ni kizuizi, unapunguza umeme unaokwenda kwenye koili ili pointi zisiungue. Elektroniki nyingi zinataka volti 12 kamili.

---

#11 Mzee wa Kizingo

Marahaba mwanangu. Nilijua tu. Sisi tulikuwa na Falcon moja ya mzungu wa kahawa, tuliibadilisha kabureta kama wewe, ikatutoa jasho mpaka tukairudisha ile mbovu. Injini uliifungua?

---

#12 Mwana Chumbageni

Niliifungua mzee. Nilipopima kompresheni, silinda nne zilikuwa kati ya 125 na 135, lakini ya tatu na ya nne zilisoma 45 na 40. Mbili zilizopakana zikishuka pamoja namna ile, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake. Ndivyo ilivyokuwa, njia nyeusi upana wa kidole.

Gasketi ya asili ilikuwa bati jembamba tupu. Zinazouzwa sasa ni nene, karibu mara mbili. Ukifunga nene bila kugusa hedi, unashusha kompresheni ya injini ambayo tayari haina nguvu nyingi. Kwa hiyo nilipopeleka hedi karakana niliwaomba waisage uso kufidia ule unene, na waweke viti vya vali vigumu, kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi iliyokuwa ikilinda viti vya zamani. Bolti za hedi nilikaza kwa hatua tatu hadi futi-ratili 75, kuanzia katikati kwenda nje.

Oili nayo naomba mzingatie. Kemshafti za aina hii zinasuguana na tapeti bapa, zinahitaji zinki kwenye oili, na oili nyingi za sasa zimepunguziwa. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya injini za zamani. Na petroli ya hapa ina ethanoli asilimia 10, inakula mipira ya zamani ya mafuta. Badilisha yote, hata inayoonekana nzima.

---

#13 Mswahili wa Muscat

Salamu kutoka Oman. Huku kuna Waarabu wanazo Mustang na Impala nzima kabisa, kutu hakuna, lakini joto linazimaliza. Kiangazi tunafika 45. Wewe radieta umefanyaje? Na taa? Za zamani ni hafifu sana usiku.

---

#14 Mwana Chumbageni

Ndugu yangu, kwa joto lenu ningeweka radieta ya safu tatu na boksi la kuongoza hewa nyuma yake, ili feni ivute kupitia radieta nzima. Silinda sita zilitoka na radieta ndogo na feni iko wazi. Mimi Ohio safu mbili inanitosha.

Taa ni duara za inchi 7, kipimo kile kile cha Land Rover za zamani, kwa hiyo hupati shida popote ulipo. Uhafifu hautokani na taa yenyewe. Umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya dashibodi, kwenye nyaya nyembamba za miaka sitini, na unafika mbele umechoka. Niliweka relei mbili karibu na betri, swichi ikawa inaamuru relei tu. Taa zile zile, mwanga mwingine kabisa. Na swichi haipati moto.

Mikanda nimeweka ya pointi tatu mbele. Kati ya buti na kiti cha nyuma nimefunga bati la chuma, kwa sababu kwenye Mustang hizi juu ya tangi la mafuta ndiyo sakafu ya buti. Ukigongwa nyuma, kinachokutenga na petroli ni kadibodi na sponji ya kiti. Watoto wangu wanakaa pale.

---

#15 Kijana wa Kinyerezi

Mkuu nimenyoosha mikono kuhusu puti. Rangi gani mwishowe? Na jumla imekula ngapi?

---

#16 Mwana Chumbageni

Rangi ni ile ile ya kwenye kibati cha mlango, herufi M, nyeupe inayoitwa Wimbledon White. Ni rangi ya Mustang ya kwanza kabisa kwa namba, ile aliyouziwa rubani Stanley Tucker kule Newfoundland, Kanada, kabla haijatakiwa kuuzwa. Ford walikuja kumbembeleza airudishe, wakambadilishia na nyingine mpya. Leo iko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn. Nilikwenda na familia kuiona, ni mwendo wa saa tatu na nusu kutoka hapa. Nilisimama nikatazama matundu yaliyo chini ya kioo chake muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine.

Jumla bila kuhesabu jasho langu ni dola 14,200 juu ya bei ya kununua. Karibu nusu ni bati na rangi. Breki zote zilikula chini ya 1,100, na ndiyo fedha niliyoitoa kwa furaha zaidi. Namba nimechukua ya magari ya kihistoria, Ohio wanatoa kwa gari lililozidi miaka 25, ingawa unabanwa kwenye matumizi, ni ya maonyesho na shughuli za namna hiyo.

Kioo cha mbele kimefungwa wiki iliyopita na mpira mpya. Jana jioni nikarudia kile kipimo. Nililala chali ndani, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Mke wangu alimwaga ndoo ya lita 20 polepole kwenye matundu. Niliyasikia maji yakipita juu yangu, yakaenda kulia na kushoto, yakatoka nyuma ya madigadi na kudondoka sementi. Nikapapasa sakafu kwa kiganja kuanzia kushoto hadi kulia. Kavu. Nikamwomba amwage na ya pili.

Jumamosi naanza kufunga kapeti.